HAKUNA MCHEPUKO, NI SARUFI: MREMBO WA KIBONGO NA JAMAA YAKE WA KIKOREA

Kama umefungua hapa kutafuta demu wa pembeni, pole, hayupo. Hakuna picha iliyovuja, hakuna namba iliyoseviwa "Fundi Bomba". Kilichomnunisha mrembo huyu siku nne nzima, mpaka akazima simu, ni vijineno vya silabi moja moja ambavyo Wakorea wanavibandika nyuma ya maneno yao. Cheka, ila ukifika katikati utaacha kucheka.

Jina lake libaki pembeni. Wanaomfuata mtandaoni watamjua tu: ndo yule anayesonga ugali kwenye jiko la bweni huku wenzake wa Vietnam na Uzbekistan wamesimama mlangoni wanashangaa mwiko. Stori yote aliitoa mwenyewe kwenye laivu, mdau mmoja alipomuuliza, "Eti Kikorea kigumu kipi, kuandika au kuongea?" Akajibu, "Kigumu ni kuorodhesha." Watu wakadhani anatania.

Dada ni mtoto wa Dar, wa kizazi cha sizoni. Alianza na zile CD za Jumong zilizotafsiriwa, baadaye akahamia za mapenzi, na mpaka anamaliza form six alishajua kusema "saranghae", "oppa" na matusi mawili. Akaomba ufadhili wa serikali ya Korea Kusini, akapata. Masharti ya ufadhili huo siyo ya kitoto: mwaka mzima wa kwanza unasoma lugha tu, na usipofika ngazi ya 3 kwenye mtihani wao wa TOPIK, habari za chuo ziweke chini. Kwa hiyo kila kijineno kilikuwa na tiketi yake ya kurudi Bongo mfukoni.

Akatua mwishoni mwa Februari, baridi inakata masikio, na hakupelekwa Seoul kama alivyowaambia mashoga zake. Alipelekwa Daejeon, mji ulio katikati ya nchi, saa moja hivi kutoka Seoul kwa treni ya kasi, KTX. Watu wa Daejeon wakikutajia mji wao wanaanza na mkate. Kuna duka la mikate linaitwa Sungsimdang, lipo tangu 1956, na watu wanatoka miji mingine kuja kupanga foleni pale. Ndo huko huko maduka ya mikate na kahawa alikokutana na jamaa.

Jamaa ni mwanafunzi wa uinjinia, jeshi ameshamaliza (huko wavulana lazima wapite jeshini), mpole, anavaa miwani. Walikutana kwenye zile jioni za kubadilishana lugha, yeye akitaka Kiingereza, dada akitaka Kikorea. Mwezi wa sita wakawa wanatoka wawili tu. Siku moja wametoka maktaba, jamaa akasema, "Keopi-na masilkka?"

Keopi ni kahawa. Dada kasikia "kahawa na..." akatulia anasubiri. Kahawa na nini? Kahawa na keki? Kahawa na maandazi? Jamaa naye katulia anasubiri jibu. Wakaangaliana pale kwenye ngazi kama watu wanaosubiri daladala ya mwisho. Mwisho dada akamsaidia, "...-na?" Jamaa akasema, "Keopi-na." Hadithi ikaishia hapo, wakaenda wakanywa kahawa.

Ukweli ni kwamba "na" ya Kikorea ni rafiki wa uongo kwa Mswahili. Ukiibandika katikati ya vitu viwili, "keopi-na cha", hujasema kahawa na chai, umesema kahawa AU chai. Neno likiishia na konsonanti inakuwa "ina", ila kazi ni ile ile. Yaani Mswahili akitaka vyote viwili na akaropoka "na" yake ya nyumbani, ataletewa kimoja. Na bado "na" hiyo hiyo, ikisimama peke yake mwanzoni, maana yake ni "mimi". Hapo ndo ujue lugha za watu.

Sasa "na" yetu sisi Waswahili, ile ya kuunganisha, huko Korea imegawanywa vipande vipande. Kuna "wa" na "gwa". Neno likiishia na irabu unaweka "wa", likiishia na konsonanti unaweka "gwa": uyu-wa ppang, maziwa na mkate, ppang-gwa uyu, mkate na maziwa. (Hilo neno "ppang" asili yake ni Kireno, kama meza na leso zetu. Wareno walitembea.) Halafu kuna "hago", ambayo haijali neno limeishia na nini. Halafu kuna "rang", au "irang" baada ya konsonanti. Zote nne maana yake ni "na". Zote nne pia maana yake ni "pamoja na", na hapo Mswahili anajisikia nyumbani, maana hata "na" yetu inafanya kazi zote mbili: Asha na Juma, Asha kaenda na Juma.

Mwalimu wao aliwaonyesha jina la muvi moja iliyotoka Desemba 2017 na kujaza kumbi za sinema kule: "Sin-gwa hamkke: joe-wa beol." Pamoja NA miungu: dhambi NA adhabu. Ni kijineno kimoja, kwanza kimevaa "gwa" halafu kimevaa "wa", kwanza ni "pamoja na" halafu ni "na" ya kuorodhesha. Darasa zima lilikuwa linakuna kichwa, wanafunzi kutoka nchi ambazo lugha zao zinatenganisha hayo mambo mawili. Dada akajisikia mkali siku hiyo. Yeye aliona jina la muvi tu.

Kinachomkamata Mswahili ni kitu kingine: hizo "na" nne hazikai kijiwe kimoja. "Wa" na "gwa" ni za vitabuni, magazetini, kwenye habari. Romeo na Juliet kule ni "Romio-wa Julliet", vita na amani ni "jeonjaeng-gwa pyeonghwa". Ukimtumia mpenzi wako meseji yenye "gwa" ni kama umemwandikia barua ya kuomba likizo. "Hago" ni ya kuongea, haina shida na mtu yeyote, kwa mwenye duka, kwa mwalimu, kwa dereva. "Rang" ni ya watu waliozoeana. Ina utoto fulani, ina joto. "Neo-rang na-rang", wewe na mimi, unaibandika mara mbili, kwako na kwangu, na nyimbo za mapenzi za kule zimejaa hizo.

Dada alikuwa anaangalia hilo kwa jicho la mtu anayeangalia blue tick. Mwezi wa sita jamaa alikuwa anaandika KakaoTalk "neo-hago", pamoja na wewe. Mwezi wa saba katikati ikaingia "neo-rang". Hakumwambia mtu. Alipiga tu picha ya skrini akaihifadhi. Msichana mwingine angesubiri maua.

Ila "rang" hiyo hiyo ilimponza darasani. Kwenye mtihani wa TOPIK wa ngazi za juu kuna insha, herufi 600 mpaka 700, na insha inataka lugha ya kuandika. Kwenye jaribio akaandika "chingu-rang gajok", marafiki na familia, mwalimu akaizungushia wino mwekundu. Lilitakiwa "chingu-wa gajok". Ukiandika unavyochat, alama zinakatika. Na kuhusu vitendo ndo usiseme: kwa Kiswahili unaunganisha chochote na "na", nimekula na nimelala, kule hizo "wa", "hago" na "rang" ni za majina ya vitu na watu tu. Vitendo vina gundi yake. "Meokgo jasseo", nimekula nikalala, hiyo "go" ndo gundi. Iweke akilini, inakuja kuleta balaa.

Balaa la kwanza lilianza Agosti, somo la "na/ina". Mwalimu akaeleza ile maana ya "au", watu wakaelewa. Kisha akasema ina maana ya pili. Ukiibandika kwenye kitu kimoja, umesema kwamba hicho siyo chaguo lako la kwanza, ila basi, kwa kuwa hakuna la maana zaidi. "TV-na boja", tuangalie hata TV. Bora hiyo.

Dada akaacha kusikiliza. Akatoa simu chini ya meza, akafungua chat ya jamaa, akaanza kurudi nyuma. "Keopi-na masilkka?" Tunywe hata kahawa? "Yeonghwa-na bolkka?" Tuangalie hata muvi? "Bap-ina meokja." Tule hata msosi basi. Mara 11. Alizihesabu. Miezi miwili ya mapenzi, na kila alipoitwa kufanya kitu, kitu chenyewe kilikuwa cha "bora hiki".

Mwalimu, alipoulizwa baada ya kipindi (dada alijifanya anauliza kwa niaba ya rafiki), akacheka akasema watu wanaitumia hivyo kulainisha mwaliko. Ukisema "tunywe kahawa" kavu kavu unamsukuma mtu. Ukisema "kahawa-na" unamwachia mlango wazi, akikataa hakuna aliyeumia. Ni aibu ya kiungwana, kama Mbongo anayekwambia "njoo tule, ni wali maharage tu" wakati kachinja kuku. Hayo yote ni kweli. Lakini mtu akishahesabu mpaka 11, maelezo ya mwalimu yanaingia sikio moja. Na kusema haki, maana zote mbili zipo ndani ya kijineno kimoja. Aliyekisema anajua alimaanisha ipi. Aliyeambiwa anabaki anapima.

Na kulikuwa na sababu ya kupima. Mwezi wa tatu huo wanatoka, dada hajawahi kukutana na rafiki hata mmoja wa jamaa. Hakuna picha yao kokote. Dada mweusi kutoka Afrika, mkononi mwa kijana wa Kikorea kwenye mji usio Seoul, watu wanageuka, hilo hakuhitaji kuambiwa. Alichokuwa anajiuliza ni kama jamaa naye anahesabu wanaogeuka.

Septemba, wiki mbili kabla ya Chuseok, ndo ikalipuka.

Jumamosi jamaa alimwandikia kwamba kaenda kuangalia muvi "honja", peke yake. Poa. Jumapili wako mgahawani wanakula, dada akamuuliza jana ilikuwaje, jamaa huku anamenya kamba akasema, "Chingu mannaseo yeonghwa bwasseo."

Kwa sikio la kawaida: nilikutana na rafiki, nikaangalia muvi. Hakuna kesi hapo, unaweza kusema alikutana na rafiki, wakasalimiana, wakaachana, kaenda muvi peke yake. Ila wiki hiyo hiyo darasani walikuwa wamesoma gundi mbili za vitendo. "Go" inaorodhesha tu, moja, mbili, havina undugu. "Chingu mannago yeonghwa bwasseo": nilikutana na rafiki, halafu kivyake, nikaangalia muvi. "Seo" inafunga: cha pili kimetoka ndani ya cha kwanza. "Chingu mannaseo yeonghwa bwasseo": nilikutana na rafiki na tukiwa naye, tukaangalia muvi. Mfano wa rafiki na muvi ni wa kwenye vitabu vya kufundishia kabisa. Jamaa kajikamatisha kwa mfano wa kitabu cha darasa la pili.

Dada akaweka vijiti chini. Akamuuliza neno moja moja kama hakimu. "Oppa. Mannago? Mannaseo?"

Jamaa akaacha kumenya kamba.

Ukweli ukatoka. Hakukuwa na msichana. Walikuwa washkaji zake wawili wa sekondari, wamekuja Daejeon wikiendi, na wamesikia kuna mtu, wanataka kumwona. Jamaa akawaambia kasafiri. Akamwambia dada yuko peke yake ili asije akasema "nami nakuja". Hakuwa anaficha mtu mwingine. Alikuwa anamficha yeye.

Hapo hata mpenda umbea mkubwa anakaa kimya. Mchepuko una jina, unaweza kumtukana. Huyu utamtukana nani?

Dada akarudi bweni. Usiku akaandika meseji, "Neo-majeo", akaifuta. Wakorea wana "hata" tatu, siyo moja. "Kkaji" ni hata ya kuongezea juu, mvua, foleni, na hata simu imezima chaji. "Jocha" ni hata ya kukosa kitu cha chini kabisa, hata salamu hakunipa. "Majeo" ni hata ya mwisho, ya yule mmoja aliyebaki baada ya wote kuondoka. Kuna bendi kule inajiita Beurokolli Neo-majeo, yaani "Brokoli, hata wewe", na watu wanacheka kwa sababu neno hilo ni zito, ni la usaliti, siyo la kumwambia mboga. Akaliangalia kwenye skrini, akaona anaandika kama mtu ambaye hana mwingine nchi nzima. Lilikuwa kweli, ndo maana akalifuta. Akazima simu.

Siku nne. Alhamisi jamaa akampata kupitia mwenzake wa chumbani, wakapanga saa kumi na mbili jioni, stesheni ya Daejeon, mlango mkuu. Dada akafika kwa wakati. Jamaa akafika saa mbili.

Na hapa ndo Kikorea cha dada kilipokomaa, mbele ya abiria na mabegi yao. "Du sigan-ina gidaryeosseo!" Nimesubiri masaa MAWILI MAZIMA. Maana "ina", ile ile inayoshusha kahawa kuwa kitu cha bora-hiki, ukiibandika kwenye idadi inageuka kinyume, inaikuza, inasema hiyo namba ni kubwa kupita kiasi. Jamaa akasimama mdomo wazi. Baadaye alikiri kwamba kitu cha kwanza kilichomjia kichwani siyo kuomba msamaha, ni kwamba sentensi haina kosa.

Alichelewa kwa sababu alikuwa kwenye simu na mama yake, Busan. Alianza kumpigia saa kumi na moja, maswali ya mama hayaishi. Akarudia mbele ya dada alichomwambia mama, neno kwa neno: "Chuseok-e chingu-do gachi gado dwae?" Chuseok, rafiki naye akija pamoja ni sawa?

Chuseok ndo sikukuu yao kubwa ya mavuno, familia zinarudi kwao, tiketi za treni zinaisha wiki nyingi kabla. Jamaa alikuwa nazo mbili. Alizikata kabla ya ugomvi, akazikalia.

Mwingine angeruka kwa furaha. Dada aliganda kwenye maneno mawili. "Chingu", rafiki, siyo mpenzi. Na "do". "Do" ndo "pia" yao, kila shabiki wa sizoni anaijua kwenye "na-do", mimi pia. Tofauti na "pia" yetu, haielei. Ukisema kwa Kiswahili "mimi napenda kahawa pia", msikilizaji anabuni: wewe kama wenzako, au kahawa juu ya vingine? Mkorea habuni. "Na-do keopi joahae", mimi kama wengine. "Na-neun keopi-do joahae", kahawa juu ya vingine. "Do" inamganda yule yule anayeongezwa. Na aliyegandwa pale alikuwa ni yeye. Orodha ipo, imekamilika, mama, baba, mtoto, bibi, halafu "chingu-do". Nyongeza. (Ile "gado dwae" mwishoni nayo ina "do" ndani yake, ndo wanavyoomba ruhusa. Sentensi moja, nyongeza moja, ruhusa moja.)

Akamuuliza, "Chingu?" Jamaa akasema mama angezimia kwenye simu, acha akuone kwanza. Dada hakusema ndiyo wala hapana. Akachukua tiketi moja mkononi mwake akaiweka kwenye begi.

Treni kutoka Daejeon mpaka Busan ni chini ya masaa mawili. Kwenye laivu aliipita safari yenyewe haraka, akasema tu kwamba alifanya mazoezi ya "annyeonghaseyo, eomeonim" mpaka mtoto wa siti ya mbele akaanza kumwigiza.

Mama alifungua mlango, akamwangalia kuanzia nywele mpaka soksi, akasema baridi ingieni. Hakuna aliyeuliza rafiki wa aina gani. Wakamkalisha sakafuni na wanawake wengine, wakampa unga wa mchele afinyange songpyeon, vile vikeki vya sikukuu vinavyojazwa ufuta au maharage na kukunjwa kama mwezi nusu. Mkono uliozoea kufinya tonge la ugali ulifanya kazi, bibi akaokota kimoja akakigeuzageuza, akakiweka kwenye sinia la juu.

Kisha chakula. Mama akawa anasogeza sahani. "Igeot-do meokgo, jeogeot-do meokgo." Hiki nacho kula, kile nacho kula. Samaki-do. Nyama-do. Mboga-do. Kila sahani iliyosogea ilikuja na "do" yake, na kila "do" ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia, mpaka dada akafungua kifungo cha sketi kwa siri. Hapo kwenye laivu alicheka kidogo, halafu akanyamaza, halafu akasema tu kwamba huyo mama anaongea "do" kama mama yake anavyosema "ongeza".

Siku ya kuondoka mama akampa mfuko, siyo jamaa, yeye. Ndani songpyeon, na kimchi kwenye kopo lililofungwa mifuko mitatu isinuke kwenye treni. Akasema, "Duriseo nanwo meogeo." Wawili nyie, gawaneni mle. "Duriseo" ni wawili kwa pamoja, kama timu. Haina "wa", haina "rang", haina "do", haimtaji mtoto kwanza na mgeni baadaye. Dada alilitafuta kwenye kamusi ya simu kabla treni haijatoka Busan, kuhakikisha.

Jamaa aliuona ule mfuko ukikaa mapajani mwa dada njia nzima. Washkaji wa sekondari walikutanishwa naye mwezi uliofuata, nyama choma, na jamaa alipomtambulisha alisema "yeojachingu", mpenzi wangu, haraka haraka huku anageuza nyama. Masikio mekundu, lakini alisema. Mmoja wa washkaji akauliza kama kule Tanzania kuna simba barabarani. Yaliyobaki yalienda vizuri.

TOPIK akapita kwa ngazi ya 4. Insha yote "wa" na "gwa", "rang" hata moja hakuna.

Februari akatakiwa kuhamia Seoul kuanza chuo. Wiki ya mwisho jamaa akamwandikia: "Gagi jeone bap-ina meokja." Kabla hujaondoka, tule hata msosi.

Dada akajibu: "Bap-ina malgo, bap meokja." Siyo hata msosi. Tule msosi.

Jamaa akarudisha herufi za kicheko za Kikorea, mstari mzima. Kisha akatuma jina la mgahawa na saa, saa moja kamili jioni. Dada alipofika, jamaa alikuwa ameshakaa, na maji ameshamimina glasi zote mbili.